Pua Mpya ya Kinyozi

Mtaa mzima ulimwita Taratibu, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kukusudia. Kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake, awe mtulivu kama gunia la mchele au awe wa kupindapinda shingo kufuata mazungumzo, aliambiwa neno lile lile kabla wembe haujagusa ngozi: "Taratibu." Haikujulikana kama alimwambia mteja, aliuambia wembe au alijiambia mwenyewe. Miaka ikapita, neno likawa jina.

Alikuwa mtu wa makamo, maji ya kunde, mwenye vidole virefu na paji la uso fupi kupita kiasi. Nywele zake zilianzia karibu sana na nyusi. Shuleni walimtania kwamba siku ya kuumbwa kwake kitambaa kilipungua, na shemeji yake aliuendeleza utani huo ukubwani bila huruma yoyote. Ulikumbuke paji hilo, maana litatuletea kicheko na machozi huko mbele.

Duka lake la kunyolea lilikuwa chumba kimoja cha viti viwili. Ukutani vilitundikwa vioo viwili vikubwa, kila kiti na kioo chake, na nyuma liliwekwa benchi la wanaosubiri zamu. Kiti cha mlangoni kilikuwa cha Taratibu. Cha ndani kilikuwa cha shemeji, mdogo wake mkewe, hodari wa mashine, ambaye vijana walimfuata kwa mitindo iliyobadilika kila mwezi. Lakini wembe shemeji huyo hakuruhusiwa kuushika. Zamani aliwahi kumkwaruza mzee mmoja sikioni, na Taratibu hakusahau.

"Una haraka, shemeji," alikuwa akimwambia. "Baki na mashine yako."

Hata ndevu zake mwenyewe Taratibu alijinyoa kwa mkono wake, asubuhi, mbele ya kioo chake, kabla ya kufungua mlango. Tangu aote ndevu hakuna mtu mwingine aliyewahi kupitisha wembe usoni pake, na jambo hilo alilionea fahari kidogo.

Kabla ya kupata chumba hicho alinyoa nje kwa miaka mingi, kiti kimeegemezwa kwenye ukuta wa stoo. Mteja alikaa kivulini, yeye akasimama juani. Hakuwahi kuliwaza jua hilo hata siku moja. Alikuja kuliwaza baadaye, daktari alipomuuliza.

Mambo yalianza na kipele ubavuni mwa pua, kidogo kama punje ya mtama, kinachong'aa. Mtu mwingine angekipuuza au angekwenda zahanati. Taratibu alikitibu kama kinyozi. Alijiambia ni kipele cha wembe, kile kinachowatoka wateja wenye ndevu ngumu, akakipaka spiriti, akakisugua kwa jiwe la shabu, lile la kukausha damu baada ya kunyoa, mpaka machozi yakamtoka. Kipele kikakauka, kikabanduka, kikatoa damu, kikarudi. Akakisugua tena. Kikarudi kikiwa na shimo katikati. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu wa kazi yake: alikuwa amewatibu watu wengi vipele hata hakuweza kuamini kwamba kimoja kinaweza kumkataa.

"Mume wangu," mkewe alimwambia siku moja wakinywa chai, "hicho kipele kina umri gani sasa? Naona kinakaribia kuanza shule."

Taratibu alicheka, lakini usiku wa kuamkia kesho yake kipele kilitoa damu kwenye mto. Mkewe hakucheka tena. Alimshika mkono kama mtoto akampeleka hospitali.

Walikata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa. Majibu yalipotoka waliitwa mbele ya daktari bingwa wa upasuaji, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, aliyekuwa na tabia ya kumtazama mtu usoni kwa muda kabla ya kusema. Taratibu aliijua tabia hiyo. Na yeye huwatazama watu hivyo kabla ya kuanza kunyoa.

"Mzee, hii ni saratani ya ngozi," daktari alisema. "Watu wa rangi yetu haiwapati sana, lakini inawapata. Hii ya kwako inakwenda polepole, na sidhani kama itakuua. Ila inakula pale ilipo. Tukiiacha itakula pua. Tukiikata, bado itatubidi tukate sehemu kubwa ya upande huu."

Mkewe alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Taratibu alisikia yote, lakini lililobaki kichwani lilikuwa neno moja, pua.

Na hapa inafaa tumtetee, maana ndugu kadhaa walisema baadaye kwamba mtu akiambiwa hafi, ashukuru, asilie na sura kama msichana. Hawakujua kazi ya kinyozi. Kinyozi wa wembe huinamisha uso wake juu ya uso wa mtu mwingine siku nzima. Mteja amelaza kichwa nyuma, koo liko wazi, na akifumbua macho kitu cha kwanza anachokiona ni pua ya kinyozi. Taratibu alijiuliza swali moja tu, akajiuliza njia nzima ya kurudi nyumbani: nani atampa koo lake mtu asiye na pua?

Daktari alikuwa na jibu, ila lilimtia Taratibu hofu kuliko ugonjwa wenyewe. Kwanza wangekata saratani na kupeleka kingo za kile walichokata zikapimwe, kuhakikisha hakuna iliyobaki. Kingo zikiwa safi, wangechukua ngozi ya paji la uso, waigeuze, waishushe mpaka puani na kuishona pale. Kwa wiki kama tatu ngozi hiyo ingebaki imeshikana na paji kwa mkanda mwembamba, ili iendelee kupata damu kutoka kwa mwenyeji wake wa zamani. Baada ya hapo mkanda ungekatwa.

Daktari alichukua kalamu akaanza kuchora kwenye paji la Taratibu. Mkono wake ukasimama.

"Mzee, paji lako ni fupi mno."

"Nimeambiwa," Taratibu alijibu.

"Basi itabidi tuingie kidogo kwenye nywele. Kwa hiyo nikuambie mapema usije ukashtuka. Pua yako huenda ikaota nywele."

Kisha mkewe akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia akashindwa, akacheka mpaka mkoba ukaanguka chini. "Daktari," alisema akijifuta macho, "mume wangu ni kinyozi."

"Basi hatapata shida," daktari alisema, naye akacheka.

Taratibu hakucheka. Alipomtazama mkewe tena aliona yale machozi si ya kicheko peke yake.

Saratani ilikatwa kwa sindano ya ganzi, yeye akiwa macho, uso umefunikwa kitambaa cha kijani chenye tundu. Alisikia mkasi. Mkasi anaujua, alikuwa akiusikia kila siku ya maisha yake, lakini hakuwahi kuusikia kutoka upande huo. Wakamfunga bendeji, akaenda kungoja majibu ya kingo.

Kungoja huko kulimkondesha. Alikaa nyumbani hana hamu ya chakula, redio ikizungumza peke yake. Hakuthubutu kugusa bendeji. Alijua kuna shimo chini yake, na hakujua ukubwa wake, na akilini shimo hilo lilikua kila saa. Simu ikilia roho inamruka. Mara moja ilikuwa mtu wa maji. Mara nyingine shemeji, akiuliza funguo ya kabati la taulo iko wapi. Hospitali walipopiga mwishowe, alimpa mkewe simu, akatoka nje akasimama uani akitazama ukuta.

"Kingo ni safi," mkewe alisema mlangoni. "Umesikia? Zote safi."

Alisikia. Akaigeuza ndoo iliyokuwa pale uani, akakaa juu yake.

Upasuaji wa pili ulikuwa wa nusu kaputi. Alipozinduka mdomo ulikuwa mkavu na kichwa kimebanwa kama kimeingizwa kwenye kofia ya mtoto. Siku walipopunguza bendeji aliomba kioo. Muuguzi alimtazama mkewe kwanza, mkewe akaitikia kwa kichwa.

Maisha yake yote Taratibu alikuwa mtu wa vioo. Alijua kumshikia mteja kioo nyuma ya kisogo, alijua kusubiri ile sekunde ambayo mtu anajitazama na hujasikia bado kama amependa. Sasa sekunde hiyo ikawa yake. Aliona paji lenye mshono mrefu uliofika mpaka kwenye nywele. Kati ya nyusi ulitoka mkanda wa nyama, umejipinda kama mpini wa kikombe, ukashuka mpaka puani. Na pua yenyewe ilikuwa bonge limevimba, lenye nyuzi nyeusi pembeni.

"Wameshona vizuri," mkewe alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Mkonga," Taratibu alisema, akamrudishia muuguzi kioo.

Kesho yake nzi akatua kwenye ile pua mpya. Taratibu akajipiga kofi la paji, nzi akabaki palepale. Akajipiga tena. Muuguzi alivunjika mbavu kwa kicheko. Akamweleza kwamba ngozi imehama lakini mishipa ya fahamu haijapata habari, ukiigusa pua inapiga hodi kwenye paji. Kwa mara ya kwanza tangu alazwe Taratibu alicheka, na kucheka kukamuuma.

Furaha hiyo haikudumu. Mchana huohuo muuguzi alikuja kumbadilisha bendeji, akasita, akamwita mwenzake. Ncha ya pua ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Wakamwita daktari. Hakuna kitu kinachomtisha mgonjwa kama wauguzi wanaoacha kuongea ghafla.

"Damu inaingia, haitoki," daktari alisema. Alichoma ncha kwa sindano, ikatoka damu nyeusi nyeusi. Akakata nyuzi mbili kulegeza. "Tungoje tuone."

"Na isiporudi?" mkewe aliuliza.

"Tutatafuta ngozi kwingine."

Kwingine wapi? Paji lilikuwa limekwisha. Taratibu alilala chali, akaogopa hata kumeza mate kwa nguvu. Aliiona kwa ukingo wa jicho, nyeusi, na akawa na hakika kwamba inakufa pale usoni pake huku yeye akiitazama. Aliwafikiria wateja wake mmoja mmoja, makoo yao, makovu yao madogo anayoyajua kuliko wake zao. Mkewe alikaa pembeni akimhesabia pumzi. Jua lilipoanza kuingia upande wa pili wa wodi, muuguzi aliinama, akaigusa ile ncha kwa kidole, akaachia, akaigusa tena.

"Inarudi," alisema. "Tazama, mama, inarudi kahawia."

Mkewe aliinama hadi uso wake ukawa karibu kugusa ule mkonga. "Kweli," alisema, akaanza kulia kwa sauti wala hakujali wodi nzima inamsikia.

Wiki za mkonga alizimaliza nyumbani, mlango umefungwa nusu. Shemeji alikuja kila Jumapili na habari za kazini. Taratibu aliuliza habari za mtu mmoja kuliko wote: Mwalimu, mzee mstaafu ambaye alinyolewa naye kila Jumamosi tangu enzi za kiti cha ukutani. Mwalimu alikuwa analaza kichwa, anafumba macho, na mara nyingine anakoroma wembe ukiwa shingoni. Kinyozi hawezi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

"Mwalimu anakuja," shemeji alisema, akitazama viatu vyake. "Anakaa kwangu. Nampitisha mashine."

"Mwalimu? Mashine?"

"Afanyeje, shemeji? Ndevu haziendi likizo."

Mkanda ulikatwa, mshono wa mwisho ukafungwa, na Taratibu akaambiwa arudi kila baada ya miezi kadhaa kutazamwa. Pua ilikuwa pana kidogo upande mmoja, yenye ganzi, na kovu limepanda kati ya nyusi kama mfereji. Daktari alisema itaendelea kushuka. Kisha nywele zikaanza. Mwanzoni vilikuwa vijinywele laini, baadaye zikawa nywele kamili za kichwani, nyeusi, zilizojiviringa, kwenye ncha ya pua.

Alirudi kazini akakuta kioo cha kiti chake kimefunikwa kalenda kubwa yenye picha ya maporomoko ya maji. Shemeji alidhani anamfanyia hisani. Taratibu alishukuru, akakunja taulo zake, akasimama nyuma ya kiti.

Siku hiyo hakukaa mtu. Wala iliyofuata. Watu waliingia, wakamsalimu kwa furaha ya kupita kiasi, wakauliza habari za mama watoto, kisha wakakaa benchini. "Namsubiri huyu," walisema, kidevu kikielekezwa kwa shemeji. Macho yao yalimtazama sikioni, begani, kwenye kalenda, popote pale isipokuwa katikati ya uso. Alifagia nywele za wateja wa shemeji. Kila mlango ulipofunguliwa alikung'uta kitambaa, na kila jioni alimwambia mkewe kwamba watu watazoea, akiomba moyoni mkewe asimuulize lini.

Alfajiri ya Jumamosi alisogeza kalenda pembeni akajaribu kunyoa ile pua. Mkono uliowahi kunyoa vichwa vya watoto wachanga ukashindwa. Pua haikusikia wembe. Hakujua ameugusa au hajaugusa, ameubonyeza au ameuacha hewani. Aliona damu kwenye kioo kabla ya kujua amejikata. Akabandika karatasi ya shashi, akakaa chini akiifikiria rangi ya zambarau.

Saa nne benchi lilikuwa limejaa. Mwalimu aliingia, gazeti kwapani, akakaa mwisho wa benchi.

"Karibu, Mwalimu," Taratibu alisema. Alikuwa ameshakunjua kitambaa.

"Ah, nashukuru, Taratibu. Namsubiri huyu. Leo ni kupunguza tu." Akafungua gazeti akajificha ndani yake.

Taratibu alibaki na kitambaa mkononi. Aligeuka akakutana na uso wake kwenye kioo cha shemeji: kovu, pua pana, kichaka cha nywele, kipande cha karatasi chenye damu. Uso wa mtu anayeficha kitu ambacho kila mtu anakiona. Alitazama mlango. Nyumbani si mbali, na hakuna ambaye angemlaumu.

Badala yake alikwenda kwenye ukuta akaing'oa kalenda. Akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, akajifunga kitambaa shingoni, akafungua droo akatoa wembe na kuutia blade mpya.

"Shemeji," alisema, "ukimaliza kwa huyo, njoo uninyoe pua."

Mashine ikazimwa. Benchi zima likanyanyua macho.

"Mashine haitafika pale, shemeji."

"Nimesema wembe."

Shemeji aliupokea kwa mikono miwili. Akaugeuzageuza kwenye mwanga wa taa. "Shemeji, mimi sijawahi kunyoa pua."

"Hata mimi sijawahi kuwa nayo ya kunyoa. Haya."

Taratibu alilaza kichwa nyuma. Koo likawa wazi. Taa ya dari ilimpiga machoni, na juu yake uso wa shemeji ulikuwa mkubwa, una jasho. Basi ndivyo wanavyotuona, aliwaza, na akafumba macho kwa hofu ya kweli. Kama mkono ule una haraka leo, hana paji lingine. Hakusikia kitu puani. Alisikia kwa masikio tu, ukwaruzo mdogo, kisha mwingine, na pumzi ya shemeji iliyokatika katikati.

"Taratibu," shemeji alinong'ona.

Hakuna aliyejua kama anamwita jina au anajionya. Mtu mmoja benchini alicheka puani, akajizuia, kisha wakacheka wawili, watatu, na Taratibu naye tumbo likaanza kumtikisika chini ya kitambaa. "Msinichekeshe jamani!" shemeji alipiga kelele. "Nina pua ya mtu hapa!"

Alipomaliza alinyoosha mkono kuchukua jiwe la shabu.

"Hilo hapana," Taratibu alisema upesi. "Maji tu."

Alifumbua macho akajitazama kwenye kioo chake. Pua ilikuwa pana kidogo upande mmoja. Ilikuwa laini, haina tone la damu. Aliposimama kukung'uta kitambaa, Mwalimu alikuwa ameshasimama mbele yake, gazeti limekunjwa.

"Mimi nilikuwa sijui nikutazame au nisikutazame," Mwalimu alisema. "Nikikutazama naona nakuumiza. Nisipokutazama naona nakuumiza. Nikaona heri nikae kule."

"Nilidhani unaona kinyaa."

"Kinyaa cha nini? Mtu amenyolewa vizuri hivyo." Mwalimu akakaa kwenye kiti, akainua kidevu. "Niondolee hii aibu ya mashine."

Shemeji alijidai hakusikia. Taratibu aliosha mikono, akatia blade nyingine, akapaka povu. Aliinama. Uso wake ukawa juu ya uso wa Mwalimu, karibu kama zamani.

"Fumba macho, Mwalimu. Si kawaida yako?"

"Leo sifumbi." Na kweli hakufumba. Aliikazia macho ile pua, waziwazi, kama mtu anayesoma.

Mkono wa Taratibu ulitetemeka. Aliurudisha nyuma, akaungoja utulie.

"Basi usicheke," alisema. "Ukicheka nitakukata."

Mwalimu aliuma midomo. Kinyozi akaushika wembe vizuri, akautazama mkono wake mwenyewe.

"Taratibu," akauambia, na wembe ukashuka.